Kuhe Mlezi Haumi kwa Njaa

Jumapili alfajiri, kabla bodaboda za kwanza hazijapanga foleni kituoni, wapo watu wa Gungu wanaoteremka Ziwa Tanganyika na ndoo moja, mfuko wa chambo na mshipi uliozungushiwa kipande cha ubao. Ukiwauliza kama ni wavuvi watakataa. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine fundi cherehani, mwingine amestaafu reli. Yupo pia kijana mwenye fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia nailoni, aliyoletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam, na siku hizi fimbo kama hizo zinaongezeka. Hawaendi kutafuta fedha. Wanaenda kukaa na ziwa saa nne au tano, wavue, wapige soga, warudi na kitoweo kabla jua halijawa kali.

Mimi ni mmoja wao, zaidi ya miaka 30 sasa. Siku za juma nimekuwa nikipima samaki wa watu wengine kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, kwa rula na mizani. Jumapili napima wa kwangu. Miaka hiyo yote nimesikia neno moja kutoka kwa maofisa, wavuvi na sisi wenyewe: mtu wa mshipi wa kujifurahisha hana madhara, mwacheni. Nimelikubali neno hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Leo nalikataa, na sababu yangu kubwa ni samaki mmoja, kuhe.

Nilikuwa kijana, kwenye mawe ya Bangwe, pamoja na mjomba wangu. Siku ya utulivu maji ya pale huonyesha chini kana kwamba hayapo. Niliona kuhe wawili wakubwa wamesimama juu ya kipande cha mchanga katikati ya mawe, dume na jike, na kati yao wingu la vitu vidogo mno, kama punje za ulezi zinazocheza. Sikujua ni nini. Nikashusha ndoano yenye kipande cha dagaa. Sikungoja. Dume alikuja moja kwa moja kama mtu aliyetukanwa, akaidaka, nami nikampandisha. Alizidi kilo mbili, tumbo la manjano likimetameta, na nilipiga kelele za furaha hadi watu wa mtumbwi uliokuwa mbali wakageuka. Nilipotazama tena chini, jike alikuwa akizunguka peke yake, na vijisamaki vya mawe vilikuwa vinaingia kwa upande ulioachwa wazi, vinadonoa. Kabla sijatia chambo kingine, lile wingu lilikuwa limebaki nusu.

Mjomba hakunipongeza. Alisema, "Huyo hakuwa na njaa, mjomba. Alikuwa anakufukuza."

Sentensi hiyo nimekaa nayo maisha yangu yote ya kazi, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu kuhe kimeithibitisha. Kuhe, ambaye wenzetu wa Zambia humwita nkupi, ni wa ukoo mmoja na ngege na sato, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo duniani. Hapatikani popote nje ya Ziwa Tanganyika. Hatamii mdomoni kama ndugu zake wengi. Jike hutaga maelfu ya mayai juu ya jiwe au mchanga, kisha yeye na dume hulinda mayai, na baada ya mayai hulinda watoto, wiki baada ya wiki, wakihama nao kidogo kidogo. Watafiti wengi wanaamini kwamba kuhe huzaa mara moja tu maishani: hukua, hunenepa kwa kula dagaa na samaki wengine, hupata mwenza, halafu hutumia mafuta yote ya mwili katika ulinzi huo mmoja, hula kidogo wala hapumziki, mpaka anakwisha.

Kwa mtu mwenye mshipi, hilo lina maana nzito. Kuhe anayewinda dagaa kwenye maji ya wazi ni mgumu kumpata. Anakwenda kasi, anahama, unaweza kuburuta chambo bandia nyuma ya boti asubuhi nzima bila kuguswa. Kuhe mlezi amesimama mahali pamoja, kwenye maji yanayoonekana, na anashambulia chochote kinachokaribia. Ndiye rahisi kuliko wote kuvuliwa, na ndiye asiyepaswa kuvuliwa. Mchezo wetu unamtuza mvuvi kwa kosa lile lile linaloumiza zaidi. Yule anayerudi Gungu na kuhe wawili wakubwa wanaolingana, na watu wakamsifu njiani, mara nyingi amerudi na baba na mama.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi kwenye mbao za mwaloni. Mzee, ziwa hili lina urefu wa kilomita 673. Kina chake kinafika mita 1,470, linazidiwa na Baikal peke yake. Usiku mmoja wa giza la mwezi, vipe (mitumbwi ya nyavu za kuinua) na boti za nyavu za kuzungushia huwasha taa kutoka Kagunga mpakani hadi kusini kabisa, na huinua dagaa kwa tani. Wewe unakuja kuhesabu kuhe wa fundi cherehani?

Nakuja kuwahesabu, ndiyo, na sababu ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kimaadili. Urefu na kina cha ziwa vinadanganya. Maji ya Tanganyika yana hewa ya oksijeni katika tabaka la juu tu, mita 100 hivi huku kaskazini na zaidi kusini. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Katika tabaka hilo jembamba, viumbe wengi wa aina nyingi wamejibana kwenye ukingo, kwenye mawe na mchanga wa kando kando, mahali ambapo jua linafika na mwani unaota. Ukitazama kutoka juu ya kilima cha Gungu unaona bahari. Kuhe anayezaa anaona ukanda mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo.

Ukanda huo wa mawe ndio hasa nyavu zisikofika. Wavu wa kuzungushia hauwezi kutupwa juu ya mawe, utachanika. Kokoro linahitaji ufukwe wa mchanga wa kuvutia, na tena limepigwa marufuku. Kipe kinafanya kazi mbali, juu ya kilindi. Kwa hiyo mawe ya Bangwe, ya Kitwe, na yale ya kwenda Kalalangabo yamekuwa kama ngome ya samaki kwa muda wote ambao nyavu zimekuwa zikizidi. Chombo kimoja tu kinaingia ndani ya ngome hiyo bila kuchanika: ndoano. Tani za dagaa zinazovuliwa kilindini hazipunguzi uzito wa kuhe mmoja aliyetolewa hapo. Ni hesabu mbili tofauti, na tumezoea kuisoma moja tukadhani tumesoma zote.

Ziwa hili limekwisha kutuonyesha jinsi samaki wakubwa wanavyoondoka. Wazee waliokuwa wakivua miaka ya 1960 huwaeleza wajukuu wao juu ya sangara (wengi wetu tunasema sangala) na nonzi waliobebwa na watu wawili kwa mti begani, na wajukuu huona ni hadithi za jioni. Si hadithi. Ziwa Tanganyika lina samaki wanne wa jenasi inayoitwa Lates: sangara wa aina mbili, nonzi, na mgebuka ambaye Warundi humwita mukeke. Wavuvi Wagiriki walipoleta nyavu za kuzungushia zenye taa upande wa Burundi na Kongo miaka ya 1950, na Zambia ikafuata miaka ya 1960, wale watatu wakubwa walipungua ndani ya miaka michache. Wanakua polepole, wanachelewa kuzaa, na wanafuata dagaa, kwa hiyo wanaingia kwenye wavu uliokusudiwa dagaa. Uvuvi wa kilindini ulioanza na aina sita za samaki, dagaa wawili na Lates wanne, leo unaishi kwa watatu: dagaa wale wawili na mgebuka. Sangara wote wawili na nonzi wamo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini. Hawakutoweka. Wachache waliobaki huonekana zaidi karibu na mawe na miteremko, na watoto wao hulelewa kwenye majani ya maji kandokando ya ufukwe. Pale pale tunapokaa sisi wa Jumapili.

Jenasi hiyo ya Lates ndiyo iliyonipeleka kusoma habari za Australia, nchi ambayo sikuwahi kudhani ina la kutuambia sisi wa maji baridi. Samaki anayependwa kuliko karibu wote na wavuvi wa kujifurahisha wa pwani ya kaskazini ya Australia anaitwa barramundi, na jina lake la kisayansi ni Lates calcarifer. Ni binamu wa sangara wetu. Anaishi kwenye midomo ya mito, mikoko na maji ya chumvi, na watu husafiri maelfu ya kilomita kwenda kumtafuta kwa fimbo na chambo bandia. Utafiti wa taifa zima uliofanywa huko 2000 na 2001 ulikuta watu takriban milioni 3.4 wanavua kwa burudani, karibu mmoja katika kila watano. Watafiti wakakuta jambo lililowanyamazisha waliokuwa wakisema mtu wa fimbo hana madhara: kwa baadhi ya samaki wa pwani, kilichochukuliwa na watu wa burudani kilikuwa sawa na kilichochukuliwa na wavuvi wa biashara, au kilizidi.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya kanuni zao. Jimbo la Queensland linasema barramundi aliye chini ya sentimita 58 arudishwe majini. Hilo linaeleweka, hajazaa. Lakini linasema pia aliye juu ya sentimita 120 arudishwe. Mtu wa kwetu atashangaa. Samaki mkubwa, ambaye ndiye fahari ya siku, umwachie? Sababu iko katika maisha ya barramundi mwenyewe. Huanza akiwa dume, na miaka ikipita hugeuka kuwa jike. Wale wakubwa kupindukia karibu wote ni majike, na jike mkubwa hubeba mayai mengi mno kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa. Ukimla umekula kitalu. Kisha wakaongeza kikomo cha samaki watano kwa mtu, na upande wa pwani ya mashariki uvuvi wake hufungwa kuanzia 1 Novemba hadi 1 Februari, anapotaga.

Sisemi tunakili namba hizo. Sentimita 58 za Queensland hazina maana yoyote Kibirizi. Ninachokipenda ni namna ya kufikiri: walianza na maisha ya samaki, wakauliza ni lini anaumia zaidi, ndipo wakaandika kanuni. Ukianza hivyo kwa kuhe, kanuni inajiandika yenyewe, nayo haihusu urefu hata kidogo. Inasema: wawili waliosimama pamoja juu ya mchanga usiwashushie ndoano. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifuata, kwa sababu maji yetu yanaonyesha.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni wanaokuja na fimbo zao hupenda kutufundisha, nacho ni kukamata na kuachia. Unavua, unapiga picha, unamrudisha, anaogelea, dhamiri safi. Nimefanya hivyo na nimeona wengine wakifanya, na nataka kusema wazi kwamba katika ziwa hili desturi hiyo inahitaji uangalifu mkubwa kuliko wanavyodhani.

Chukua kwanza kuhe mlezi. Uvue dume, umtoe ndoano kwa upole, umrudishe baada ya dakika mbili. Yeye amepona. Watoto je? Kanada na Marekani wamelipima jambo hili kwa samaki wao anayelinda kiota, aina ya bass: dume akiondolewa kwa dakika chache tu, wezi wa mayai huingia, na akirudi akakuta kiota kimepungua sana huweza kukiacha kabisa na kwenda zake. Ndiyo maana maeneo mengi ya Ontario hufungua msimu wa samaki huyo mwezi Juni, ulezi ukiwa umekaribia kwisha. Kwa kuhe anayezaa mara moja katika uhai wake, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Kumwachia kunaokoa mwili wake na kupoteza kazi yote iliyoufanya uwepo.

Halafu chukua sangara au nonzi aliyevutwa kutoka kilindini. Samaki hawa wana kibofu cha hewa kilichofungwa. Hawawezi kuitoa hewa kwa haraka. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga la usawa wa bahari, na sisi tuko karibu mita 770 juu ya bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi kidogo. Piga hesabu: samaki akitolewa mita 30 hadi juu, hewa ya kibofu chake inatanuka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana unaona tumbo likivimba, macho yakitoka, mfuko wa chakula ukisukumwa mdomoni. Ukimtupa majini anaelea ubavu ubavu, mwewe na kunguru wanamalizia. Picha inaonyesha samaki aliyeachiwa huru. Ziwa limepokea maiti. Australia Magharibi wamelikubali tatizo hili kiasi kwamba boti inayovua samaki wa chini hutakiwa kubeba uzito maalumu wa kumteremshia samaki hadi kilindini kabla ya kumfungua. Kwetu jibu jepesi zaidi ni kutovua kilindini kama hukusudii kula. Ukishavua mmoja kutoka mita 30, huyo ni wako, mpeleke nyumbani, na hesabu yako ya siku imeanza.

Hapa naongeza neno kwa ndugu zangu wanaoona haya kusema kwamba wanavua kwa raha na pia kwa kula, kana kwamba moja linaharibu jingine. Kwetu havijawahi kutengana. Kuhe aliyeungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, mbele ya watoto ambao wamekungoja tangu asubuhi, ni sehemu ya furaha hiyo. Kule Mahale, wageni wa kambi za kitalii hupewa kuhe mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, ladha ya Kijapani, na wanasifu. Kila mtu na mdomo wake. Samaki aliyeliwa kwa shukrani hajapotea. Aliyepotea ni yule aliyefia juu ya maji ili mtu apige picha, na yule mwenye watoto.

Wapo pia wa majani ya maji. Upande wa kusini wa Ujiji, kuelekea mdomo wa Luiche, vijana hupenda kukaa na ndoano ndogo, namba 16 au 18, wakivua chochote kinachouma. Ndoo zao nimezifungua mara nyingi. Humo ndani, pamoja na ngege na wengine, hukuta vijisangara vya urefu wa kiganja, vyenye madoa, ambavyo vijana wenyewe hawavitambui. Hawana kosa, hakuna aliyewaonyesha. Ndoano ikiwa kubwa zaidi, tuseme namba 9, mdomo wa kichanga hauiwezi. Marekebisho ya shilingi mia chache, na kitalu cha samaki aliye hatarini kinapona. Sijui lingine rahisi kuliko hilo katika uvuvi wote. Luiche yenyewe ina taabu ya kutosha: tope linaloshuka kutoka mashamba ya vilimani linafunika mawe na majani ambayo samaki wanataga juu yake, na tope hilo halina ndoano ya kubadilisha.

Mwaka 2024 serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Nilikuwa Katonga wiki ya kwanza. Mwalo uliokuwa na kelele usiku kucha ulikuwa kimya, vipe vimefungwa, mama wauza dagaa wamekaa na beseni tupu. Watu waliumia kweli, wengine walikopa, na sitaki mtu yeyote aandike juu ya kufungwa kwa ziwa bila kuanza na hao. Lakini nilimwona pia, Jumapili ya pili, mtu ninayemheshimu, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, anateremka na fimbo yake kama kawaida. Nilimsalimia, nikamwuliza anakwenda wapi. Akacheka: "Mimi siyo mvuvi, mzee. Mimi napunga upepo tu."

Jibu hilo lilinikera kuliko nilivyomwonyesha. Baharia wa kipe ambaye watoto wake wanategemea usiku huo ameweka kasia chini. Mwenye mshahara anasema yeye hahesabiki. Kama kufunga ziwa kuna maana ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaa, basi anayevua kwenye mawe ya uzazi ndiye wa kwanza kukaa nyumbani, na mwenye kipato kingine ndiye wa kwanza kuweza. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 haikuandikwa kwa ajili ya maskini peke yao. Katika miezi ile mitatu mimi nilitundika mshipi wangu ukutani, na ninaweza kusema kwamba uliniwasha mkono kila Jumapili.

Kuhesabiwa kuna upande wake mwingine, ambao wenzangu wa mawe wangepaswa kuupenda. Jimbo la New South Wales, kuanzia 2001, linawatoza wavuvi wa burudani ada ndogo, wa maji ya chumvi na wa maji baridi. Fedha hizo haziingii kwenye mfuko mkubwa wa serikali zikapotelea huko. Zinakaa kwenye mifuko maalumu ya uvuvi wenyewe, na sehemu yake ilitumika kununua leseni za wavuvi wa biashara waliokuwa tayari kuondoka, hadi maeneo 30 ya pwani na midomo ya mito yakatengwa kwa wavuvi wa burudani mwaka 2002. Sipendekezi tumnunue mvuvi wa dagaa aondoke Kibirizi. Tutakula nini basi? Lakini ada ya Jumapili inayobaki ziwani, chini ya usimamizi wa vikundi vya ulinzi shirikishi vya mialo yetu, ingeweza kulipia mafuta ya boti ya doria, vibao vya picha za samaki wachanga pale Luiche, na kijana mmoja wa kuandika takwimu. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Leo mtu wa mshipi akilalamika kwamba kokoro limevutwa usiku kwenye majani, hana pa kusimama, kwa sababu hayumo kwenye daftari lolote.

Na takwimu ndizo ninazozililia zaidi. Tunajua mengi juu ya dagaa na mgebuka, kwa sababu wanashushwa mwaloni mbele ya macho yetu na kupimwa. Kuhe wa mawe hapiti mwaloni. Anapanda kilima ndani ya mfuko wa plastiki hadi Gungu, anaingia jikoni, basi. Anayeweza kusema kama kuhe wa Bangwe wanapungua urefu mwaka hadi mwaka ni yule tu aliyewavua. Pwani ya Kenya, Watamu na Malindi, wavuvi wa burudani wamekuwa wakiwafunga sulisuli na nduwaro vibandiko vyenye namba kabla ya kuwaachia, tangu miaka ya 1980, na kwa vibandiko hivyo imejulikana samaki hao wanasafiri umbali gani katika Bahari ya Hindi. Watu waliokwenda kujifurahisha wameacha elimu nyuma yao. Sisi hatuhitaji hata vibandiko. Tunahitaji rula na penseli.

Mimi ninayo madaftari manane. Kila samaki ana mstari: tarehe, mahali, kina kwa kukadiria, urefu, uzito, dume au jike nikimpasua, tumboni alikuwa na nini. Kuhe wanaowinda huwa na dagaa, mara nyingi wengi, bado wanang'aa. Yule wa Bangwe nilimwandika miaka mingi baadaye, kwa kumbukumbu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Kwenye safu ya tumbo niliandika: halikuwa na kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mawe yale yale na kijana mwenye fimbo ya Dar es Salaam. Anavua vizuri kuliko mimi. Anarusha mbali, ana subira. Jua lilipopanda na maji yakawa wazi, tuliwaona wote wawili kwa wakati mmoja, jike na dume, mita sita chini, na wingu lao. Kijana alikwisha kuinua fimbo. Akaniangalia.

"Babu, wale wakubwa."

Nikamwambia atazame kati yao. Alitazama kwa muda mrefu. Kijisamaki kimoja cha mistari kilijaribu kuingia, dume akakirukia, kikakimbilia kwenye ufa wa jiwe. Kikajaribu kingine. Kijana akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini mara ambazo dume alitoka na kurudi, akafika 23, akakunja nailoni taratibu bila kuitia majini, akanitaka daftari na kuniuliza hiyo inaandikwa kwenye safu gani.